Michirizi ya Manjano na Watu wa Kando ya Barabara

Tarehe 30 Desemba 2002, Mwai Kibaki alikula kiapo cha urais katika bustani ya Uhuru, Nairobi, akiwa ameketi kwenye kiti cha magurudumu. Mguu ulikuwa ndani ya plasta na mkono umefungwa kitambaa. Majuma manne kabla ya hapo gari lake lilikuwa limepata ajali karibu na njia panda ya Machakos, kwenye barabara ya Mombasa, alipokuwa akirudi kutoka kampeni. Alipelekwa London kwa matibabu, na wenzake wa muungano wa NARC wakabaki nyuma kumwombea kura. Umati uliokusanyika bustanini ulikuja kukiona chama cha KANU kikiondoka madarakani baada ya karibu miaka 40, kwa hiyo kiti cha magurudumu hakikumshughulisha mtu sana. Ajali ni ajali. Hata hivyo, utawala ulioingia siku ile ndio uliokuja kuandika sheria za barabarani zinazokumbukwa kuliko zote katika historia ya Kenya, na rais wake aliapishwa kwenye kiti cha magurudumu kwa sababu ya barabara hizo hizo.

Hakuwa kiongozi wa kwanza kukutwa na mkasa huo. Januari 1969 waziri Argwings Kodhek alifariki kwa kile kilichoelezwa kuwa ajali ya gari jijini Nairobi, na barabara aliyofia sasa ina jina lake. Desemba 1972 ikawa zamu ya Ronald Ngala wa Pwani, kwenye barabara ile ile ya Mombasa. Agosti 1990 Askofu Alexander Muge aligongana na lori akirejea Eldoret, siku chache baada ya kuonywa hadharani na waziri mmoja asikanyage Busia. Katika nchi jirani ya Tanzania, Waziri Mkuu Edward Sokoine alifia Dakawa, Morogoro, tarehe 12 Aprili 1984, akitoka Dodoma kwenda Dar es Salaam. Kila kifo cha namna hii kilizaa minong'ono, na mingine haijaisha hadi leo. Watu waliuliza ni nani aliyemuua mheshimiwa. Swali la pili, kwamba pengine barabara yenyewe inaua na kesho itamuua asiye mheshimiwa, halikupata wa kuliuliza.

Na barabara ilikuwa inaua. Profesa Wilson Odero, mmoja wa madaktari wa kwanza nchini kulichunguza suala hili kama linavyochunguzwa ugonjwa, alipitia kumbukumbu za miaka 30, kuanzia 1962 hadi 1992, akakuta vifo vya barabarani vimeongezeka kwa asilimia 578 na majeruhi kwa asilimia 506. Idadi ya watu ilikuwa imekua, magari yameongezeka, lami imefika miji mingi ambayo wakati wa uhuru ilifikiwa kwa murram. Lakini ongezeko la karibu mara saba halielezwi na lami peke yake. Inabidi kuangalia watu walikuwa wanasafirije, na hapo ndipo matatu inapoingia.

Nairobi ya mkoloni ilikuwa na mabasi ya Kenya Bus Service tangu miaka ya 1930, na kampuni hiyo ilikuwa na haki ya pekee ya kubeba abiria mjini. Baada ya uhuru watu walihamia mjini kwa wingi, wakajaa mitaa ambayo mabasi yalifika kwa nadra au hayakufika kabisa. Pengo hilo lilizibwa na matatu, yaani magari chakavu yaliyobeba watu kwa senti 30, kinyume cha sheria, huku yakikimbizwa na polisi. Mwaka 1973 Mzee Jomo Kenyatta alitamka kwamba magari hayo yaachwe yafanye kazi bila leseni ya kubeba abiria. Kwa mwananchi mwenye akiba kidogo lilikuwa jambo la heri, maana sasa angeweza kununua pikapu, kuijengea bodi na mabenchi ya mbao, na kuingia barabarani. Kwa usalama lilikuwa jambo lingine. Kwa zaidi ya miaka kumi sekta nzima ilikua bila bima inayoeleweka, bila ukaguzi wa maana, bila saa za kazi. Bunge lilipoitambua matatu kisheria mwaka 1984, mazoea yalikwisha kukomaa.

Zoea kubwa lilikuwa la fedha. Mwenye gari hutaka kiasi fulani jioni, jua liwake mvua inyeshe. Kinachozidi hapo, baada ya mafuta na chai ya trafiki, ndicho cha dereva na makanga. Mtu anayelipwa hivyo hana sababu ya kwenda taratibu. Kila dakika anayosimama ni abiria anayechukuliwa na mwenzake aliye nyuma, na kila abiria anayening'inia mlangoni ni unga wa nyumbani. Wanaosema madereva wa matatu ni wehu wangefanya vizuri kukokotoa hesabu hiyo kwanza. Kweli, nchi hii ilianza mapema kushangilia mwendo: tangu 1953 kulikuwa na mashindano ya magari, ya kwanza yakiandaliwa kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, na ndiyo yaliyokuja kuwa Safari Rally. Ila sidhani kama Joginder Singh, bingwa wa mashindano hayo, aliwafundisha kitu madereva wa Eastleigh. Aliyewafundisha ni mwenye gari, kila jioni, alipoweka mkono mbele.

Baada ya mwaka 2000 hali ilikuwa hivi: vifo vikikaribia 3,000 kwa mwaka kwa hesabu ya polisi, Nissan za abiria 14 zikibeba 18 au 20, muziki ukitikisa vioo, na makundi ya vijana yakitoza ada vituoni. Kibaki akamweka John Michuki katika Wizara ya Uchukuzi.

Michuki alikuwa mtu wa utawala wa zamani. Alipata kuwa mkuu wa wilaya, kisha katibu mkuu wa Hazina, kisha mwenyekiti wa Benki ya Biashara ya Kenya. Hakuwa na mazoea ya kubembeleza. Oktoba 2003 alitoa Tangazo la Kisheria namba 161, akawapa wenye magari hadi mwisho wa Januari. Kila gari la abiria lifungwe kidhibiti mwendo kisichoruhusu zaidi ya kilomita 80 kwa saa. Kila kiti kiwe na mkanda, cha Nissan hata cha basi. Asisimame mtu ndani. Ubavuni pachorwe mchirizi wa manjano, njia ya gari iandikwe waziwazi. Dereva avae sare ya buluu na makanga ya rangi ya damu ya mzee, wote wawe na beji na cheti cha polisi cha mwenendo mwema, na picha ya dereva ibandikwe abiria waione. Wafanyakazi waajiriwe kwa mshahara wa mwezi.

Kwanza wenye magari walicheka. Walishaona mawaziri wakija na amri na kuondoka nazo. Halafu wakaenda mahakamani, kisha wakagoma. Tarehe 1 Februari 2004 ilikuwa Jumapili. Jumatatu asubuhi magari mengi hayakutoka, na maelfu ya wakazi wa Nairobi walikwenda kazini kwa miguu kutoka Kawangware, Kayole na Dandora. Bei ya mikanda na vidhibiti mwendo ilipaa, na hapakukosekana matapeli waliouza mikanda ambayo isingemzuia hata mtoto. Waziri hakurudi nyuma. Siku zilivyopita magari yalirudi moja moja, yamepakwa rangi, yamefungwa mikanda, na ndani kukiwa na kitu ambacho abiria wa Nairobi alikuwa amekisahau, yaani nafasi ya kukunjua miguu.

Kwa muda ilikuwa kama ndoto. Abiria wenyewe walikataa kumpisha mtu wa kumi na tano. Takwimu za polisi za 2004 zilionyesha vifo vikishuka, na jina la waziri likageuka jina la sheria: hadi leo hakuna anayesema Tangazo namba 161, watu husema sheria za Michuki. Alipofariki Februari 2012, madereva ambao hawakumpenda alipokuwa wizarani walimsifu hadharani. Ni wanasiasa wachache wa Kenya waliowahi kutaka jambo gumu kutoka kwa watu wenye fedha na wakalipata.

Mimi namheshimu Michuki, lakini nadhani sifa zake zimeficha mambo mawili. La kwanza ni kwamba katika orodha ile ndefu, kifungu pekee kilichogusa mzizi, kile cha mshahara wa mwezi, ndicho ambacho hakikutekelezwa kwa maana yoyote. Mikanda inaonekana, mchirizi wa manjano unaonekana, askari anaweza kuukagua akiwa amesimama kivulini. Mkataba wa ajira hauonekani dirishani. Hesabu ya jioni iliendelea vilevile, kwa hiyo sababu ya kukimbia iliendelea vilevile, na fundi wa kukata waya wa kidhibiti mwendo hakuwa mbali. Michuki alihamishwa wizara mwaka 2005. Mikanda ilianza kuchakaa bila kubadilishwa, trafiki wakarudia kupeana mikono na makanga, na vifo vikaanza tena kupanda. Kufikia 2012 vilikuwa vimepita 3,000.

La pili nitalifikia. Kabla yake kuna jaribio dogo ambalo linastahili umaarufu kuliko ulionao. Mwaka 2008 wachumi wawili wa Chuo Kikuu cha Georgetown, James Habyarimana na William Jack, walibandika vibandiko ndani ya matatu zaidi ya elfu moja. Vilimwambia abiria asinyamaze dereva akiendesha vibaya, apaze sauti. Hapakuwa na askari, faini wala mtambo. Ili vibandiko visibanduliwe, madereva waliokutwa navyo waliingizwa kwenye bahati nasibu yenye zawadi ndogo. Kisha watafiti wakaangalia madai ya bima ya magari hayo na ya magari yasiyobandikwa kitu. Madai yalikuwa yamepungua kwa nusu hadi theluthi mbili. Mpango huo ulikuja kupanuliwa na kuitwa Zusha. Ukiufikiria vizuri, unakubali kitu ambacho serikali haikutaka kukubali: kwamba mtu pekee anayekuwapo ndani ya gari safari nzima, na ambaye hana faida yoyote katika mwendo wa kasi, ni abiria.

Mwaka huo huo wa 2008 serikali iliondoa ushuru wa VAT kwenye pikipiki ndogo. Nia ilikuwa njema, na pikipiki ziliokoa watu wengi: mjamzito wa kijijini alifika zahanati, mkulima alifikisha maziwa kabla hayajachacha, kijana asiye na kazi akapata kazi. Bodaboda ya baiskeli iliyozaliwa mpakani Busia, ikivusha watu kati ya Kenya na Uganda, sasa ilikuwa na injini na ikaenea kila kona ya nchi. Ilienea bila shule za udereva za kutosha na bila kofia za kutosha. Ndani ya miaka michache waendesha pikipiki na abiria wao walipanda hadi nafasi ya pili katika orodha ya wanaokufa barabarani, na wodi za mifupa zikaanza kujaa vijana.

Nafasi ya kwanza haikubadilika. Na hili ndilo jambo la pili lililofichwa na sifa za Michuki. Katika Kenya, mwaka baada ya mwaka, kundi linalokufa zaidi kuliko yote si abiria wa matatu wala madereva. Ni watembea kwa miguu, ambao peke yao ni zaidi ya theluthi moja ya vifo vyote. Tangazo namba 161 halikuwa na kifungu kwa ajili yao, isipokuwa faida inayotokana na gari kwenda taratibu. Wala wale maelfu waliokwenda kazini kwa miguu ile Jumatatu ya Februari 2004 hawakuwa wanafanya jambo geni. Karibu nusu ya wakazi wa Nairobi hufanya hivyo kila siku, kwa sababu nauli ya kwenda na kurudi ingemaliza ujira.

Barabara kuu ya Thika inaonyesha jambo hili kuliko maelezo yoyote. Kibaki aliifungua Novemba 2012, kilomita 50 hivi, safu nane mahali fulani, kazi ya makampuni matatu ya China kwa gharama ya zaidi ya shilingi bilioni 30. Ilikuwa fahari, na fahari hiyo ilistahili: safari iliyokuwa ikila saa mbili ikawa ya nusu saa. Lakini magari yalianza kupita kilomita 100 kwa saa mahali ambapo watu walikuwa wamezoea kuvuka kwa kuangalia kulia na kushoto. Baadhi ya madaraja ya miguu yalichelewa, na mengine yaliwekwa mbali na vituo watu waliposhukia. Watu wakaruka vizuizi, wakafa. Magazeti yaliandika kuhusu uzembe wa wavukaji. Nenda Githurai jioni, mtazame mama aliyebeba mzigo kichwani na mtoto mgongoni, upime umbali kutoka aliposhushwa hadi ngazi za daraja, kisha useme tena neno uzembe. Mhandisi anayechora barabara ya safu nane katikati ya mtaa wa watu wanaotembea amekwisha kuamua nani atafuata njia ndefu.

Ajali zinazobadilisha sheria ni za aina nyingine. Ni zile zinazoua wengi kwa mpigo. Tarehe 31 Januari 2009 lori la mafuta lilipinduka Sachangwan, watu wakaja na madebe, moto ukalipuka, wakafa zaidi ya 110. Agosti 2013 basi lilianguka usiku huko Ntulele, Narok, wakafa 41. Miezi michache baadaye mamlaka mpya ya usafiri na usalama barabarani, NTSA, iliyoundwa kwa sheria ya 2012, ilisimamisha mabasi ya usiku hadi yapate kibali maalumu, na Desemba polisi wakaleta kipima pombe ambacho Wakenya walikibatiza Alcoblow na kukitungia vichekesho. Baadaye Mahakama ya Rufani ilikuta kanuni zake haziendani na sheria mama. Alfajiri ya tarehe 31 Desemba 2017, basi na lori viligongana Migaa, karibu na Salgaa, wakafa 36. Rais Uhuru Kenyatta akaamuru maofisa wa NTSA waondoke barabarani, kazi irudi kwa polisi wa trafiki.

Salgaa yenyewe ni somo. Ni mteremko mrefu kati ya Nakuru na Eldoret, na kwa miaka mingi madereva wa malori ya masafa walikuwa wakiuteremka wakiwa wametoa gia ili kuokoa mafuta, ambayo huuzwa kando. Breki zikipata moto, lori halina tena kitu cha kulishika. Wahubiri walikuja kukemea mapepo ya mahali pale, na wala sitanii. Kisha wahandisi wakaja, wakaitenga barabara kwa ukuta wa saruji ili magari yanayopanda yasikutane na yanayoshuka, na migongano ya ana kwa ana iliyolifanya jina la Salgaa litishe ikapungua. Mapepo hayakuwa na la kufanya kuhusu saruji.

Oktoba 2018 basi lingine lilianguka Fort Ternan, Kericho, zaidi ya watu 50 wakafa. Tarehe 12 Novemba, kwa amri ya mawaziri Fred Matiang'i na James Macharia, sheria za Michuki zilianza kutekelezwa tena: mikanda, sare, mchirizi. Matatu hazikutoka. Nairobi ikatembea. Walioikumbuka 2004 waliona kama wanarudishiwa filamu ya zamani, ila safari hii mwisho wake ulikuja haraka zaidi, kwa kuwa msako ulipopoa baada ya majuma machache, kila kitu kilirudi kilipokuwa.

Hapa inafaa kusema kidogo kuhusu hesabu zenyewe. Polisi wa Kenya waliandika karibu vifo 3,000 kwa mwaka katika miaka ya 2013 hadi 2016. Shirika la Afya Duniani, likikokotoa kwa njia zake, lilikadiria kwa 2016 kwamba waliokufa walizidi 13,000, yaani karibu watu 28 katika kila 100,000. Tofauti ni kubwa mno kuitwa kosa la kalamu. Askari huandika anachokikuta barabarani. Majeruhi akifia hospitali baada ya juma moja, au akifia nyumbani kwa kuwa alikosa fedha za kuendelea na matibabu, jalada la kituoni linaweza lisijue. Anayegongwa njia ya kijijini na bodaboda, wazee wakaamua suala kwa fidia ya mbuzi na gharama za mazishi, hafiki kwenye jalada kabisa. Wanaopotea hivyo, kwa sehemu kubwa, ni wale wale wa miguu na wa pikipiki.

Mwaka 2020 ulipaswa kutoa nafuu. Kulikuwa na kafyu kwa ajili ya Korona, safari za kuingia na kutoka Nairobi zilifungwa kwa muda, matatu zilibeba nusu au zaidi kidogo ya viti. Vifo viliongezeka, vikakaribia 4,000. Mwaka 2021 vilifika 4,579, na 2022 vikawa 4,690. Barabara tupu ziliwapa wachache waliokuwa na magari nafasi ya kukimbia, na pikipiki zilikuwa zimejaza pengo la matatu.

Jioni ya tarehe 30 Juni 2023, kwenye njia panda ya Londiani, lori lililobeba kontena liliacha njia likaingia katikati ya wachuuzi, abiria waliosubiri magari na bodaboda zilizokuwa zimeegeshwa. Walikufa 52. Kwa mara hii moja, ajali kubwa iliyolitikisa taifa ilikuwa ya watu waliosimama kando ya barabara. Waziri wa Uchukuzi, Kipchumba Murkomen, aliagiza masoko ya kando ya barabara kuu yahamishwe. Agizo lina mantiki yake, lakini mchuuzi wa Londiani amekaa pale kwa sababu pale ndipo magari husimama, na magari husimama pale kwa sababu hakuna aliyejenga kituo mahali pengine.

Aprili 2024 serikali ilizindua mpango wa miaka mitano wa kupunguza vifo vya barabarani kwa nusu kufikia 2028. Mwaka 2023 ulikuwa umefungwa na vifo 4,324. Mwaka wa kwanza wa mpango ulifungwa na 4,748, na fungu kubwa kuliko yote, kama ilivyokuwa kabla ya Michuki na baada yake, lilikuwa la waliokuwa wakitembea.